Bando la Usiku: Simu Janja na Moyo wa Kijana

Mhadhara kwa wazazi, walimu na wanafunzi wa sekondari, Tanga



Kila ninapoalikwa kuzungumza na wazazi juu ya simu, swali la kwanza huwa lilelile: mtoto wa sekondari aachiwe simu kwa saa ngapi? Mzazi anataka namba. Anataka nimwambie saa mbili, naye akamwambie mwanawe saa mbili, ugomvi uishe. Sina namba hiyo, na wanaoitoa kwa uhakika mwingi huwa wameikopa kutoka nchi ambako kila mtoto ana simu yake, chumba chake na intaneti isiyokatika. Kwetu kijana anaweza kushika simu dakika ishirini mchana kutwa, kwa kuwa ni ya dada yake, kisha akakaa nayo kuanzia saa sita usiku hadi alfajiri. Ukizijumlisha saa zake huenda zisizidi za mtoto wa London. Lakini ni saa gani hizo! Leo nataka tuzungumzie hizo saa za usiku, kwa maana naamini humo ndimo simu inamomwumiza kijana wetu moyo na kumgeuza tabia kuliko wakati mwingine wowote.

Tuanze na bei. Kampuni za simu, hapa Tanzania na Kenya pia, zimezoea kuuza vifurushi vya usiku kwa bei ya chini kuliko vya mchana. Sababu yake ni ya kibiashara tu: minara inawaka usiku kucha, wateja wamelala, mtandao uko mtupu, basi afadhali kuuza kwa bei ya kutupa kuliko kutouza kabisa. Ila tujiulize mnunuzi ni nani. Muuza duka anayefungua saa kumi na mbili asubuhi amelala. Mama ntilie amelala zamani. Anayebaki macho ni kijana ambaye vijisenti vyake havimnunulii kitu cha maana mchana, lakini saa sita ikigonga vinamfungulia video, muziki, magemu na makundi yote ya WhatsApp mpaka kunakucha. Laini anayotumia ina jina la mama yake au kaka yake, kwa sababu usajili wa alama za vidole unadai kitambulisho cha taifa, nacho hupewa waliotimiza miaka 18. Kwenye vitabu vya kampuni, anayekesha ni mama.

Halafu tupo sisi walimu. Nimefundisha shule za bweni kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na miaka ya mwisho nilikuwa mwalimu wa malezi na ushauri nasaha. Simu katika shule hizo ni marufuku, na marufuku hiyo nimeisimamia kwa mikono yangu. Nimezitoa simu ndani ya godoro lililochanwa, kwenye mkate uliotobolewa, ndani ya kopo la maziwa ya unga, juu ya dari ya bafu. Nimeiona shule moja ikizivunja kwa nyundo mbele ya paredi, na muhula haukuisha kabla bwenini hamjaingia nyingine. Sisemi simu iruhusiwe darasani. Ufaransa imezizuia shuleni kwa watoto wa hadi miaka 15 tangu 2018, na nadhani imefanya vyema. Nasema tutazame marufuku yetu inafanya nini hasa. Mwenye simu ya kificho hawezi kuitumia saa kumi jioni, akacheka na wenzake, akaiweka. Ataitumia matroni akishalala, chini ya blanketi, peke yake. Kati ya bei ya kampuni na nyundo ya shule, kijana amesukumwa hadi saa nane usiku kutoka pande zote mbili.

Korona nayo ilichangia. Machi 2020 shule zilipofungwa, Tanzania hadi mwisho wa Juni na Kenya, kwa wanafunzi wengi, hadi Januari 2021, nyumba nyingi ziliingiza simu janja ya kwanza ili mtoto apokee masomo. Masomo yalirudi darasani, simu ikabaki chumbani.

Sasa usingizi wenyewe. Mtaalamu wa Marekani Mary Carskadon alianza kuchunguza usingizi wa watoto na vijana huko Stanford miaka ya 1970. Watu walidhani kadiri mtoto anavyokua ndivyo anavyohitaji usingizi mchache. Yeye na wenzake walikuta kwamba kijana anayebalehe anahitaji karibu usingizi uleule, na tafiti zilizofuata zikaonyesha jambo la pili: saa ya ndani ya mwili wake husogea mbele. Homoni ya melatonini, inayouambia mwili kwamba usiku umeingia, huchelewa kupanda kwake kuliko kwa mdogo wake wa darasa la nne. Kwa hiyo kijana asiyesikia usingizi saa tatu usiku hana ukaidi, ndivyo mwili wake ulivyo kwa umri huo. Mpe sasa kioo kinachomulika usoni, nacho huichelewesha melatonini zaidi, na ndani ya kioo hicho mweke kila rafiki aliye naye. Wataalamu wa usingizi wa Marekani wanashauri saa 8 hadi 10 kwa wenye umri wa miaka 13 hadi 18. Madaktari wa watoto wa nchi hiyohiyo walitoa tamko mwaka 2014 kwamba sekondari zisianze masomo kabla ya saa mbili na nusu asubuhi.

Saa mbili na nusu! Mwanafunzi wa kutwa Dar es Salaam huamka saa kumi au kumi na moja alfajiri ili agombee daladala na konda asiyemtaka, kwa kuwa nauli yake ni ndogo. Huyo hata asipogusa simu maisha yake yote, ana deni la usingizi. Akiongeza bando la usiku, analala saa nane na kuamka saa kumi na moja. Saa tatu. Siku moja mtu huvumilia. Muhula mzima hapana.

Mwaka 2007 Seung-Schik Yoo, Matthew Walker na wenzao walichapisha jaribio dogo lakini la kuogofya. Waliwakeshesha vijana wenye afya njema kwa saa 35 hivi, kisha wakapima ubongo wao huku wakiwaonyesha picha za kuudhi. Amigdala, sehemu ndogo ya ubongo inayoshtuka kwa hofu na hasira, ilishtuka kwa asilimia 60 zaidi kuliko kwa waliolala. Na ile sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo kazi yake ni kuituliza amigdala, ilikuwa imelegeza uhusiano wake nayo. Sehemu hiyo ya mbele, kwa mtoto wa miaka 15, haijakomaa. Huendelea kujengeka hadi miaka ya ishirini na kitu. Tunachukua basi ubongo ambao breki zake bado zinafungwa, tunaunyima usingizi, kisha asubuhi tunamwita kijana mkorofi.

Kina mama huniletea maelezo yanayofanana mno. Amebadilika. Anafoka akiulizwa jambo dogo. Analia bila sababu. Hataki kula na wenzake, anajifungia, kichwa kinamuuma kila asubuhi, na siku hizi hata pesa za kusaga hazirudi kamili. Jirani keshasema amerogwa. Shangazi amesema ana pepo, apelekwe kwenye maombi au kwa shehe akasomewe. Sibishani na maombi wala kisomo. Lakini nimejifunza kumuuliza kijana jambo moja kabla ya yote: jana ulilala saa ngapi? Si mara zote jibu linatosha. Yapo magonjwa ya akili ya kweli yanayohitaji daktari. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, na hao hawatibiwi kwa kunyang'anywa simu. Ila nashangaa ni mara ngapi jibu la swali hilo dogo limefungua mlango.

Kijana mmoja wa kidato cha tatu aliletwa kwangu kwa kumrushia mwalimu daftari. Alikuwa mpole, mwana wa watu, hana rekodi ya utovu wa nidhamu. Tulipokaa akaniambia amekuwa akilala saa tisa. Alikuwa akicheza kindege, ule mchezo wa kubeti ambamo ndege inapaa na pesa yako inapanda nayo, na usipoitoa kabla haijapotea umeliwa. Sheria za Tanzania na Kenya zinakataza kamari kwa walio chini ya miaka 18, lakini laini ilikuwa ya kaka yake. Alikuwa na madeni kwa wenzake bwenini, aliogopa kurudi nyumbani likizo, na usiku aliendelea kucheza ili ayalipe. Mwalimu aliyerushiwa daftari alikuwa amemuuliza tu kwa nini anasinzia.

Wasichana wanaokuja kwangu kwa kawaida hawana habari ya mikeka ya kubeti wala kindege. Kwao ni sura, na ni kutengwa. Programu za picha hung'arisha ngozi, hupunguza pua, hukuza macho. Binti anaposti sura ambayo si yake, anasifiwa, kisha anakutana na ya kwake kwenye kioo cha bafuni. Kutoka hapo hadi kwenye mkorogo si mbali, na humo mna vipodozi vya zebaki vilivyopigwa marufuku lakini vinapatikana. Mwaka 2021 Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, alitoa hadharani nyaraka za ndani za kampuni hiyo. Mojawapo ilieleza kwamba kati ya wasichana wa balehe waliokuwa wakijisikia vibaya juu ya miili yao, asilimia 32 walisema Instagram iliwazidishia. Utafiti huo ulikuwa wa kampuni yenyewe.

Na kutengwa: kundi la darasa lina wanafunzi wote, lakini pembeni limefunguliwa jingine bila yeye. Anajua lipo kwa sababu asubuhi wanacheka jambo asilolijua. Ameandika ujumbe saa tano usiku, tiki zimegeuka bluu, hakujibiwa. Mtu mzima angesema rafiki yake kapitiwa na usingizi. Msichana wa miaka 14 aliye macho saa nane usiku ana saa nyingine tatu za kuusoma tena ujumbe wake mwenyewe na kutafuta alikosea wapi.

Hapa sina budi kuingia kidogo kwenye ugomvi wa wasomi, kwa kuwa wazazi mnaupata nusunusu kwenye vipande vya video. Mwaka 2017 mwanasaikolojia wa Marekani Jean Twenge aliandika kwamba kizazi kilichokua na simu janja mkononi kina upweke na sonona zaidi ya waliokitangulia, akailaumu simu. Mwaka 2024 mwanasaikolojia mwenzake Jonathan Haidt akatoa kitabu chenye hoja hiyo kwa upana zaidi, nacho kimesomwa kila pembe. Upande wa pili, mwaka 2019, Amy Orben na Andrew Przybylski wa Oxford walichambua takwimu za vijana zaidi ya 350,000 wa Marekani na Uingereza, wakakuta kwamba matumizi ya vifaa vya kidijitali yanaeleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti ya hali njema kati ya kijana na kijana. Kula viazi mara kwa mara, walisema, kulikuwa na uhusiano unaokaribia huo. Mwanasaikolojia Candice Odgers naye alipokisoma kitabu cha Haidt alijibu kwamba mara nyingi kijana aliyekwisha kuumia ndiye anayekimbilia simu, wala si simu iliyomwumiza.

Waliokerwa na habari ya viazi hawakuusoma utafiti wenyewe mpaka mwisho. Humohumo, kulala vya kutosha na kupata kifungua kinywa vilikuwa na uhusiano mkubwa zaidi, wa heri, na hali njema ya kijana. Kwangu mimi hilo ndilo lililopaswa kuwa kichwa cha habari. Wastani wa saa unamhesabu sawasawa msichana anayeongea na bibi yake jioni na mwenzake anayesoma matusi juu ya sura yake usiku wa manane. Wote wamepata saa mbili. Haidt ananishawishi anapoeleza kile ambacho simu imekiondoa: usingizi, michezo ya nje, kukaa na watu ana kwa ana. Ananipoteza anapozungumza kana kwamba vijana wote wa dunia wanaishi kwenye vitongoji vya Marekani. Odgers namkubalia kwamba huzuni huweza kutangulia. Lakini mtoto mwenye huzuni, aliye macho saa nane usiku, mbele ya kitu kilichotengenezwa asikiache, hali yake haitabaki ilivyokuwa.

Nasema kilitengenezwa asikiache, na wala siwasingizii. Katikati ya karne iliyopita mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha kwamba njiwa anayepata punje kila anapodonoa hudonoa kwa kiasi, ila anayepata punje mara nyingine tu, bila kujua ni lini, hudonoa bila kuchoka. Laiki huja hivyo. Ujumbe huja hivyo. Ukurasa usio na mwisho, ule unaoteleza chini na kuleta kingine na kingine, ulibuniwa na Aza Raskin mwaka 2006, naye baadaye amejutia hadharani. Kabla yake ulifika chini ya ukurasa, ukabonyeza, na katika kubonyeza huko ukakumbuka kwamba kesho kuna mtihani. Mwaka 2017 Sean Parker, rais wa kwanza wa Facebook, alikiri kwamba walijua wanatumia udhaifu wa akili ya binadamu. Wahandisi wazima wamekaa mezani kulitengeneza jambo hili, na upande wa pili wa meza tumemkalisha mtoto wa kidato cha kwanza, usiku, na kumwambia ajitawale.

Lakini kwa nini anakaa na simu hiyo peke yake? Hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi, kwa kuwa tuko pwani na mambo haya tunayajua.

Msichana wa huku akivunja ungo alikabidhiwa kwa somo. Mvulana aliingia jandoni akatoka na watu wazima waliomjua siri zake. Sitaki kuyapamba ya kale. Mengine yaliyofundishwa huko yaliwasukuma mabinti kwenye ndoa kabla ya wakati, na ni heri yameachwa. Kitu kimoja tumekiacha bila kuweka mbadala. Somo hakuwa mama. Alikuwa mtu mzima ambaye binti angeweza kumwambia jambo la aibu, na aibu hiyo isifike mezani kwa baba. Leo binti ana jambo la aibu kama walivyokuwa nalo mabibi zake, na anayempa sikio saa hiyo ni simu. Haimkemei, haimuulizi ni mtoto wa nani, ina majibu ya kila namna, na yapo ya hatari.

Ndiyo sababu mambo ya picha za siri yanaishia vibaya. UNICEF, ECPAT na INTERPOL walichunguza nchini Kenya na Tanzania jinsi watoto wanavyodhulumiwa kingono kupitia mtandao, ripoti zikatoka 2021 na 2022. Wengi wetu hutishia watoto kwa habari ya mgeni wa mbali. Ripoti zilikuta kwamba mara nyingi mdhulumu ni mtu ambaye mtoto anamfahamu, na kwamba wachache mno walifika polisi au kupiga simu ya msaada. Binti aliyemtumia mpenzi wake picha, akaachana naye, sasa anatishiwa, hupewa vitisho hivyo usiku na hukaa navyo mpaka asubuhi. Asubuhi hasemi. Akisema, la kwanza atakaloulizwa ni kwa nini alipiga picha ile, na la pili ni fimbo. Namba 116, inayopigwa bure Tanzania na Kenya, ipo kwa ajili ya watoto. Iandikeni ukutani jikoni, mtoto asilazimike kuiomba.

Kuna nyumba nyingine ambazo ushauri wa kawaida hauzifai hata kidogo, nazo hapa Tanga na Mombasa si chache. Mama yuko Muscat au Riyadh, anafanya kazi za ndani. Watoto wako kwa bibi. Kwa watoto hao simu ndiyo mama. Kwenye stetasi ndiko anakomwona amevaa nini, kwenye ujumbe wa sauti ndiko anakomsikia akikohoa. Na mama huyo mara nyingi hapati nafasi ya kushika simu mpaka kazi za tajiri wake ziishe, wageni waondoke, vyombo vikauke. Anapiga saa tano usiku, saa sita. Nendeni mkamwambie bibi azime simu saa mbili usiku kwa sababu mtaalamu wa Ulaya amesema! Kwa nyumba kama hizo nashauri kitu kidogo tu: mama na bibi wapatane siku mbili za juma za kuongea kwa kina, Ijumaa na Jumamosi usiku, asubuhi yake shule haipo. Siku nyingine aache ujumbe wa sauti, mtoto ausikilize akitoka shule. Nimeona nyumba zikifanya hivyo, na watoto wakaanza kuungoja ujumbe wa mchana kwa hamu.

Kwa nyumba zilizobaki, simu zilale sebuleni. Nasema simu, zote, ya baba ikiwemo. Kijana atawaambia simu ndiyo alamu yake ya kuamkia. Mnunulieni saa ya mezani sokoni. Atawaambia anasoma usiku. Huenda ni kweli, basi asome sebuleni mtu mzima akiwa macho kwa muda fulani. Msianze kwa kumnyang'anya katikati ya ugomvi, mkafungua jumbe zake mbele ya wadogo zake. Aibu ya namna hiyo haisahauliki, na kijana aliyeaibishwa hununua simu ya pili msiyoijua. Anzeni likizo, wakati hakuna mtihani wala kuamka alfajiri, muiweke kanuni wote mkiwa mmeshiba. Kisha muwe tayari kwa wiki mbili za kununa. Na mkishaziweka simu sebuleni mtagundua, kama nilivyogundua nyumbani kwangu, kwamba anayenyemelea kuchukua yake wa kwanza ni mtu mzima.

Shuleni, simu za ofisi ziwepo na saa za kupiga nyumbani zijulikane. Mtoto asiyeweza kumsikia mama yake kwa muhula mzima atatafuta simu, na hapo sitamlaumu. Mwalimu wa malezi asishike fimbo. Hili nimelipigania kwa wakuu wa shule kadhaa na mara nyingi nimeshindwa: mtu yuleyule anachapa asubuhi, alasiri anataka aambiwe siri. Kama shule haina mshauri, majirani wetu Wakenya wameonyesha njia isiyo ya gharama kubwa. Taasisi ya Shamiri, ambayo Tom Osborn ni mmoja wa waanzilishi wake, hupeleka mashuleni vijana waliomaliza sekondari karibuni, wakiwa wamefunzwa kwa muda mfupi, wakakaa na vikundi vidogo vya wanafunzi mara moja kwa wiki kwa wiki nne. Jaribio lao la wanafunzi 413, lililochapishwa katika JAMA Psychiatry mwaka 2021, lilionyesha dalili za sonona na wasiwasi zikipungua zaidi kwa waliopata vikao hivyo kuliko kwa waliofundishwa mbinu za kujisomea. Kinachonivutia ni nani aliyekaa nao. Kijana mkubwa kidogo, asiye mzazi wala mwalimu. Mnamkumbuka somo.

Kuhusu sheria nitapita haraka. Australia imezuia akaunti za mitandao ya kijamii kwa walio chini ya miaka 16 tangu Desemba 2025. China, tangu 2021, inawaruhusu watoto kucheza magemu ya mtandaoni saa tatu tu kwa wiki. Mkitaka kuiga, nitawauliza jinsi ya kujua umri wa anayetumia laini yenye alama ya kidole cha mama.

Ninaloomba liko karibu zaidi. Vifurushi vya usiku vipunguziwe mvuto, na unafuu huo uhamishiwe alasiri, kati ya saa tisa na saa moja jioni, wakati mtoto ametoka shule, mtu mzima yupo, na rafiki anayetaka kuongea naye anaweza hata kutembea akamfuata. Mtaniambia kampuni hazitakubali. Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilianza kutumika nchini, wananchi wakapiga kelele, na zikasitishwa upesi. Tulipiga kelele kwa ajili ya mifuko yetu, tukasikilizwa. Kampuni zitajibu kwamba alasiri mtandao una msongamano na bei ya chini itauongeza. Hoja hiyo ina uzito. Basi unafuu huo uende kwa laini zilizoandikishwa kuwa za watoto tu, jambo litakalotulazimu sisi wazazi kukiri kwanza, ofisini kwa wakala, kwamba laini ile yenye jina letu haitumiwi na sisi.

Mkifika nyumbani tafuteni jumbe za uthibitisho wa kununua vifurushi kwenye kila laini iliyosajiliwa kwa majina yenu. Kila ujumbe una tarehe na saa yake. Zisomeni kwa utulivu, pamoja na kijana, mchana. Sasa niko tayari kwa maswali, na ningependa wanafunzi walio safu za nyuma waanze.